Mwethya katika Nchi ya Katangi

Katangi ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Yatta, upande wa mashariki wa Machakos, ambako mvua hutazamiwa mara mbili kwa mwaka, na aghalabu moja kati ya hizo mbili hukosa kuja au huja haba. Watu wengi husimulia habari za maendeleo ya vijiji vya namna hii kana kwamba zilianza siku ile alipowasili afisa wa serikali au mfadhili kutoka ng'ambo. Ama mimi naona kwamba tarikhi ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambamo Katangi imo, yatufundisha kinyume chake, nayo yastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Tangu kale Wakamba walikuwa na desturi ya mwethya. Mtu aliyekabiliwa na kazi iliyowazidi nguvu watu wa nyumba yake, kama kufyeka shamba jipya au kujenga nyumba, aliwaita jamaa na majirani, akawaandalia chakula, nao wakaja kwa ridhaa yao, wakijua ya kuwa zamu yao ya kuita itakapofika, yeye naye hatakosa kuhudhuria. Haikuwako faini wala daftari la majina. Aliyezembea aliaibika mbele ya wenzake, na aibu hiyo ilitosha.

Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walitazama miteremko ya Machakos iliyomomonyolewa na maji, wakahukumu kwamba sababu yake ni wingi wa mifugo. Hawakutaja sana kwamba ardhi ya Mkamba ilikuwa imebanwa na mipaka, upande mmoja mashamba ya walowezi, na upande mwingine Yatta yenyewe, iliyohesabiwa kuwa milki ya Taji, ambamo Mkamba aliingiza ng'ombe wake kwa ruhusa tu. Mwaka 1938 serikali ilianza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimekwisha kujengwa Athi River, chenye kuhitaji ng'ombe wa kuchinja. Ndipo Mkamba aitwaye Muindi Mbingu alipoongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu, walakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja mipango mipya na fedha nyingi zaidi, na safari hii serikali ililitwaa hata jina la mwethya. Watu waliamriwa kutoka asubuhi mbili kila juma kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu, na asiyefika aliadhibiwa. Matuta mengi membamba ya zama zile yalibomoka, kwa maana hakuna aliyeona ni yake. Lakini haki lazima isemwe: katika miaka ya 1950, vikundi viliporuhusiwa kuwachagua viongozi wao wenyewe na kuamua waanzie shamba la nani, kazi ilichangamka mno, na wakulima wakayapenda matuta mapana yaliyozuia maji na kuongeza mavuno.

Miaka hiyo hiyo, mfereji wa Yatta ulichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ukayaleta maji ya mto Thika mwendo wa kilomita sitini hivi. Pande za Matuu na Kithimani zilineemeka kwa maji hayo, nayo yaliwagharimu wengine uhuru na siha zao, jambo lisilokumbukwa ipasavyo. Ama Katangi na majirani zake waliobaki mbali na mfereji waliendelea kutegemea mvua, visima vya mchangani na nguvu za kubebana.

Baada ya uhuru mwaka 1963 kazi ya amri ilikoma, na wataalamu kadhaa walidhani kwamba matuta nayo yamekufa. Hasha! Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta mishahara Nairobi na Mombasa, na wanawake ndio walioishika mwethya. Walipanga zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakichimba mtaro kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, namna iitwayo fanya juu, kisha wakapanda majani juu ya tuta ili yaushike udongo. Njaa ya mwaka 1984, ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete kwa kuwa mtu alikuwa na fedha mkononi asipate chakula cha kununua, iliwazidishia bidii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wakazi wa Machakos waliongezeka kutoka 240,000 hivi katika mwaka 1932 hadi kiasi cha 1,400,000 kufikia mwaka 1990, na juu ya hayo mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Waliohukumu kwamba wingi wa watu ungeiangamiza nchi hii walikosea.

Fauka ya matuta, vikundi vya Ukambani vilijenga mabwawa ya mchanga: ukuta hukatiza mto wa msimu penye mwamba, mafuriko yakaurundika mchanga nyuma yake, na maji yakajificha humo, jua lisiweze kuyanyonya. Na katika Yatta, mwaka 2009, Askofu Titus Masika alianzisha harakati ya kuukataa mwolyo, yaani chakula cha msaada, akiwahimiza watu kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji mashambani mwao. Yeye alileta shauri na hamasa. Waliochimba ni wenyeji.

Nyaraka za serikali zimehifadhi majina ya maafisa waliotoa amri, lakini wanawake walioinama juu ya mitaro ile hawakuandikwa popote. Waliokuwa wasichana zamani zile leo ni vikongwe wachache. Nawasihi walimu wa Katangi wawatume wanafunzi wao wakawasikilize, na kuyaandika majina na maneno yao wangali hai.