Funguo za Fremu: Usafi wa Kumbukumbu katika Simu za Kariakoo

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine za aina hiyo. Lakini kompyuta iliyowafikia watu wengi zaidi ni ile ya mkononi, yaani simu, iliyopita katika fremu, vyumba vya maduka vya kupangisha, za Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa duniani mwaka 2008, huendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu na muda wa kazi, na ndani yake zimo draiva, programu zinazokiwezesha kiini hicho kuwasiliana na kamera, skrini au spika. Draiva inapoanza kazi huomba kwanza nafasi ya kumbukumbu, kisha njia ya kupokea ishara za kifaa, kisha saa ya kuongozea kifaa hicho. Ombi la tatu likikataliwa, yale mawili yaliyokwisha kukubaliwa yapaswa kurudishwa, la mwisho kwanza, kama mpangaji wa fremu katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anayetoa mzigo kabla ya kukabidhi ufunguo. Kwa miaka mingi urejeshaji huo uliandikwa kwa mkono katika kila draiva, na mstari mmoja ukisahaulika kumbukumbu ilivuja, yaani ilibaki imeshikwa na asiyeitumia tena. Uvujaji wa namna hii hauponi kwa kufunga programu za mtumiaji, kwa kuwa nafasi iliyopotea ni ya kerneli yenyewe. Ndiyo maana agizo la fundi wa simu kwa mwenye simu inayoganda, zima kisha washa, lina msingi wa kweli, hasa katika simu yenye RAM ya MB 512, ingawa mara nyingi mzigo mkubwa hutoka kwenye programu za kawaida.

Usafishaji ulikuja kwa hatua. Mwaka 2005 Pekka Enberg aliingiza kzalloc, amri inayotoa nafasi iliyokwisha kufagiwa na kujazwa sifuri, badala ya kuomba nafasi kwanza na kuifuta kwa mstari mwingine. Na mwaka 2007 utaratibu wa Tejun Heo, uitwao devres, ulikifanya kiini chenyewe kiweke orodha ya kila kilichoombwa na kukirudisha draiva inaposhindwa kuanza au inapoondolewa. Baada ya hapo marekebisho mengi ya draiva yalikuwa ya kupunguza mistari, kazi isiyoleta sifa ambayo hata hivyo inastahili heshima kuliko nyingi zinazotangazwa.

Hata hivyo dawa hiyo ina mpaka wake, kwa sababu devres hufuata uhai wa kifaa, si uhai wa anayekitumia: modemu ya USB ikichomolewa wakati programu bado imeifungua, kumbukumbu yaweza kurudishwa ingali inasomwa, sawa na fremu kupangishwa upya mteja akiwa bado ndani, na kiini kikiigusa nafasi hiyo mfumo mzima waweza kusimama. Kwa vifaa vinavyochomolewa hivyo, waandishi wa draiva hulazimika kuhesabu watumiaji waliobaki, na kumbukumbu huachiwa pale tu wa mwisho anapotoka.