Nta Iliyobaki Baada ya Pembe

Ukiuliza Tabora ya misafara iliishi kwa biashara gani, utajibiwa pembe za ndovu na watumwa. Ni kweli, na pale Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, habari hizo bado zinasimuliwa. Mimi ni mjukuu wa mrina asali wa Sikonge, na kinachonigusa zaidi ni nta.

Babu aliporudi na masega, asali nyingine iliishia kwenye pombe ya wanzuki. Makapi aliyachukua bibi. Aliyachemsha kwenye maji, akayachuja kwa gunia na kuyakamua mpaka tone la mwisho. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Moto ukizidi huwa nyeusi na bei huanguka, kwa hiyo bibi hakuondoka jikoni.

Wakati wa ukoloni wao, Wajerumani walinunua nta na mpira wa mwituni pia. Kule Kilwa na Lindi watu walikata mimea tambazi ya mpira mpaka ikaadimika, na mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia uliporomosha bei. Nta ya Unyamwezi iliendelea. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, basi mabonge yakashuka kutoka kichwani kwa mpagazi yakapanda gari moshi.

Leo viwanda vya mpira na plastiki vinatafuta viungo visivyodhuru. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba 6PPD, dawa inayozuia matairi yasipasuke, ikikutana na ozoni hutoa sumu inayoua samoni. Nta ya nyuki haiwezi kushika nafasi ya dawa hiyo, na anayedai hivyo anadanganya. Inachoweza ni kupakwa ndani ya kalibu ili bidhaa isinate, kazi ambayo nta za petroli pia huifanya.

Hata hivyo, usafi wa nta yetu una doa, nalo lisemwe. Mzinga wa babu ulikuwa wa gome. Mti wa myombo uliovuliwa gome pande zote hufa, na miti hiyo hiyo ndiyo malisho ya nyuki. Mizinga ya mbao na ya viunzi imesambaa, lakini ya gome bado ipo porini. Mnunuzi wa Ulaya anayetaka nta isiyodhuru aulize kwanza imetoka kwenye mzinga gani, kisha alipe bei inayomwezesha mrina kununua mbao.