Kutoka Madudu hadi Poligrafu

Kabla vilima hivi vya Kampala havijajengwa jiji, shauri lilipowashinda waamuzi wa Buganda, wagomvi walinyweshwa madudu. Kinywaji hicho kilitokana na matunda ya mnanaha, mmea wa sumu ulevyao. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Baganda kilichotoka mwaka 1911, ameeleza kwamba wanywaji walingoja hadi sumu iwapande kichwani, kisha wakaamriwa kuinuka, kumwendea mwamuzi, kupiga magoti na kushukuru. Aliyeweza alishinda shauri. Yaani miguu ndiyo iliyotoa ushahidi.

Tusicheke upesi. Mwaka 1921, huko Berkeley, California, polisi John Larson aliunda chombo kilichoandika kwa pamoja pumzi na shinikizo la damu la mtu anayehojiwa. Baadaye ikaongezwa alama ya jasho la vidole. Ndiyo poligrafu. Watu wakakiita chombo cha kugundua uongo, na hapa sisi walimu wa lugha tuna la kusema: jina hilo lenyewe si la kweli. Chombo hakioni uongo, bali huona moyo ukidunda. Na moyo hudunda kwa hatia, kwa hofu, kwa uchungu wa kusingiziwa. Mwalimu aliyepata kuuliza darasani, "Nani kachukua chaki?" anajua kuwa anayeinamisha macho aghalabu siye.

Mjuzi naye huponyoka. Aldrich Ames, mtumishi wa idara ya ujasusi ya Marekani aliyewauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili. Hakukamatwa hadi 1994. Shauri alilopewa na Warusi lilikuwa jepesi: lala vizuri, tulia, fanya urafiki na mpimaji. Wengine hujiuma ulimi au hupiga hesabu kichwani wanapoulizwa maswali ya kulinganishia, ili maswali ya shauri lenyewe yaonekane hayakuwashtua.

Mahakama moja ya Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha namna hii tangu 1923. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani nalo liliona kuwa usahihi wa poligrafu hautoshi kuchujia watumishi wa usalama. Hata hivyo yaendelea kutumika, maana wapo wanaokiri kwa kuiogopa tu. Naam, hilo hata madudu yaliliweza. Mwenye hatia aliyeyaamini huenda alikiri kabla kibuyu hakijamfikia. Asiye na hatia, mwenye mwili dhaifu, hakuwa na la kukiri.