Nyumba Isiyokufa na Fundi Wake



Parokia moja tunayoijua ilipata tovuti. Kijana mmoja hodari aliitengeneza peke yake, kwa namna yake mwenyewe. Makatekista wakampelekea historia ya misioni, majina ya wabatizwa wa kwanza, na picha za mapadri wa zamani. Baada ya miaka 3 kijana akahama, neno la siri akaenda nalo, wala hakuonekana mwingine wa kuifahamu kazi yake. Tovuti ikazimika. Na baadhi ya wazee waliosimulia habari zile wamekwisha kufariki. Ndiyo sababu tumeona vema kuwaeleza historia ya programu zinazosimamia maandiko ya tovuti, maana ndani yake mna shauri kubwa kwa wanaotaka kuchagua.

Tuanze na mwanzo. Mwaka wa 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi katika CERN, karibu na Geneva, alitoa shauri la kuunganisha maandiko ya kompyuta nyingi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliitoa kazi ile bure kwa watu wote. Lakini siku zile kila ukurasa uliandikwa kwa mkono, maneno na alama za kuyapanga vikichanganyika pamoja. Mwenye kurasa 100 akitaka kubadili kichwa kimoja kilichomo katika zote, alizifungua zote 100, moja moja.

Baadaye mafundi walizitenga kazi hizo mbili. Fikirini kazi ya kupiga chapa: mwandishi anatoa maneno, mpiga chapa anapanga herufi. Mwandishi halazimiki kujua kupanga herufi. Programu hizi nazo zinafanya hivyo. Maneno yanawekwa ghalani, sura ya ukurasa inawekwa pengine. Msomaji akifika, programu inayatoa maneno, inayavika sura yake, kisha inampa. Hivyo katekista aweza kuandika saa za Misa bila kujua ufundi.

Programu tatu kati ya hizo zimejulikana sana, nazo zote zilianzishwa na watu wachache.

Ya kwanza ni Drupal. Mwaka wa 2000 Dries Buytaert, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Antwerp katika Ubelgiji, aliwatengenezea wenzake ubao wa habari. Alitaka kuuita dorp, yaani kijiji kwa lugha ya Kiflama; akakosea herufi, likatoka neno jingine lenye maana ya tone la maji. Kosa lile likazaa jina la Drupal. Januari 2001 akaitoa programu yake kwa watu wote.

Ya pili ni WordPress. Mfaransa Michel Valdrighi alitengeneza programu iitwayo b2, kisha akanyamaza. Waliokuwa wakiitumia wakabaki kama yatima. Lakini b2 ilikuwa chini ya GPL, leseni iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka wa 1989. Leseni hiyo yampa kila mtu ruhusa ya kuisoma programu ndani, kuibadili na kuigawa, mradi naye awaachie wengine ruhusa ile ile. Basi Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 huko Marekani, na Mike Little wa Uingereza, wakaiokota kazi ile. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa WordPress. Leo tovuti zaidi ya 4 katika kila 10 za dunia zinaitumia.

Ya tatu yatugusa sisi wenye kusema Kiswahili. Huko Australia, kampuni ya Miro ilikuwa na programu iitwayo Mambo, nayo mwaka wa 2001 ikaitoa chini ya GPL. Agosti 2005 yakazuka mabishano: watengenezaji waliona kwamba chama kipya cha kuisimamia kimeipa kampuni nguvu kupita kiasi. Wakatoka. Jina hawakuweza kulichukua, lakini kazi waliweza, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Septemba 2005 wakaitoa upya kwa jina la Joomla. Kumbe, jina hilo ni neno letu jumla, likiandikwa kwa namna ya Kiingereza! Walitaka kusema: wote pamoja.

Je, mmeona? Mmoja alinyamaza, wengine waligombana, lakini kazi haikupotea, kwa kuwa mlango wake haukufungwa na mtu mmoja. Basi, mnapochagua, msitazame sura nzuri tu. Ulizeni kwanza maneno haya matatu:

Neno la kwanza: fundi akiondoka, mwingine aweza kuendelea? Kwa parokia ndogo, WordPress ni nyepesi kujifunza, na wanaoijua ni wengi. Drupal ina nguvu nyingi, lakini yataka mafundi wa kudumu. Joomla iko katikati.

Neno la pili: twaweza kutoka na maandiko yetu yote? Nakala ikae pia mahali pengine, mikononi mwa parokia.

Neno la tatu: nani atailinda? Oktoba 2014 ulitangazwa ufa katika Drupal. Dawa ilitolewa siku ile ile, lakini baadaye walinzi wake walionya kwamba aliyechelewa saa 7 tu ahesabu tovuti yake kuwa imekwisha kuingiliwa. Programu huru isiyotunzwa ni nyumba isiyo na mlinzi.

Ndugu wapenzi, jumapili hii, baada ya Misa, mwulizeni anayeshika tovuti ya parokia yenu: neno la siri linajulikana na nani, na nakala iko wapi? Akijibu kwamba yeye peke yake ndiye ajuaye, msimkasirikie. Kaeni naye, pamoja na padri na wazee wa baraza, mkayaandike yote siku ile ile.