Chozi la huzuni na chozi la kitunguu: Je, hadubini inaweza kuyatofautisha?

Huenda picha hizi zimewahi kukufikia kwenye simu. Moja inafanana na mji uliopigwa picha kutoka kwenye ndege, nyingine kama matawi ya mti mkavu. Maelezo yanasema hili ni chozi la huzuni, lile la kicheko, na jingine la kukata kitunguu. Kisha linafuata dai kwamba kila hisia huacha alama yake ndani ya chozi.

Picha ni za kweli. Dai ndilo lenye shida.

Nani alizipiga?

Ni kazi ya Rose-Lynn Fisher, msanii na mpiga picha wa Los Angeles, Marekani. Kabla ya hapo alitumia hadubini ya elektroni kumpiga picha nyuki, na mwaka 2010 akatoa kitabu kiitwacho Bee.

Mradi wa machozi aliuanza mwaka 2008, akiwa katika kipindi cha mabadiliko na majonzi. Alikuwa analia sana, akajiuliza: chozi la huzuni na la furaha yanafanana yakitazamwa kwa karibu?

Akaanza kuyakusanya. Aliweka chozi kwenye kipande cha kioo na kuliacha likauke, au akalibana kwa kioo kingine chembamba. Kisha akalipiga picha kwa hadubini ya kawaida ya mwanga iliyofungwa kamera ya dijitali. Alipiga picha za machozi zaidi ya 100: mengi yake mwenyewe, mengine ya watu waliojitolea, hata ya mtoto mchanga. Kitabu chake, The Topography of Tears, kilitoka mwaka 2017.

Machozi yako ya aina tatu

Wataalamu huyagawa machozi hivi:

- Ya kulainisha jicho, ambayo yapo muda wote hata kama hulii.
- Ya kujikinga, yanayotoka ukikata kitunguu au ukiingiwa na moshi au vumbi.
- Ya hisia, yanayotokana na huzuni, furaha, hasira au kicheko.

Yote yana maji, chumvi, mafuta na protini. Moja ya protini hizo ni lisozimu, inayoua baadhi ya bakteria. Alexander Fleming aliitangaza mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya kugundua penisilini. Ili kupata machozi ya utafiti, aliwaliza wenzake kwa ganda la limau.

Sayansi inasema nini?

Tofauti za kikemia zinaweza kuwepo. Mwaka 1981, mtafiti wa Marekani William Frey alitoa matokeo yanayoonyesha kuwa machozi ya hisia yalikuwa na protini nyingi kuliko yale ya kitunguu.

Lakini hilo halimaanishi kwamba umbo la kwenye picha linatuambia mtu alilia kwa nini. Chozi likikauka, maji huondoka na chumvi hujipanga kuwa fuwele. Fuwele hizo hutegemea kiasi cha chumvi na protini, unene wa tone, joto na unyevu wa hewa, na kasi ya kukauka. Kwa hiyo machozi mawili ya huzuni ileile, kutoka kwa mtu yuleyule, yanaweza kutoa picha mbili tofauti kabisa.

Madaktari wa macho wana kipimo kinachotumia umbo la chozi lililokauka. Matawi yakiwa mengi na yameshikana, chozi liko vizuri. Yakiwa machache na yamekatikakatika, inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa macho makavu. Kipimo hicho kinahusu afya ya chozi, si moyo wa mwenye chozi. Hakiwezi kumkamata mtu anayelia machozi ya mamba.

Sasa picha hizi zina faida gani?

Ni kazi ya sanaa, na zinafuata njia ya zamani. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha Micrographia, kitabu cha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Alianza na vitu vya nyumbani: ncha ya sindano na makali ya wembe. Vitu vilivyosifiwa kwa ukali vikaonekana butu na vyenye mikwaruzo. Sindano haikubadilika, ila watu hawakuitazama tena kama zamani.

Fisher amefanya hivyo kwa chozi, kitu ambacho wengi tunakifuta haraka kabla hakijaonekana. Lakini ukifunika maelezo ya picha zake, hakuna mtaalamu wa kukuhakikishia lipi ni chozi la msiba na lipi la kitunguu. Kioo kimehifadhi chumvi tu. Sababu ya kilio imehifadhiwa na mtu aliyelia, akaamua kuiandika.

Kwa hiyo picha hizo zikikufikia tena, zifurahie, na ukitaka watumie wengine. Ila dai la kwamba hadubini inasoma hisia usilisambaze. Ukitaka kujua kwa nini mtu analia, bado njia ni ileile: muulize, kisha msikilize.