Sura Iliyo Juu ya Sarafu



Wapendwa katika Kristo, Mafarisayo walipomjia Bwana wetu na swali la kodi, yeye aliomba kwanza aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Sisi watu wa Bagamoyo tuna sababu ya pekee ya kulitafakari swali hilo, kwa maana nasi tuliwahi kuletewa sarafu yenye sura ya Kaisari.

Zamani misafara iliyotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ilitumia fedha za kila namna: reale za Maria Theresa, rupia za Kihindi, na huko bara vitambaa vya merikani na shanga. Hakuna mtawala mmoja aliyezimiliki zote. Mtu alipokea kile alichoamini kwamba na mwenzake atakipokea.

Mwezi Agosti 1888, kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitwaa forodha za pwani. Wapwani wakainuka, Abushiri bin Salim akiongoza Pangani na Bwana Heri Saadani. Wakimbizi wengi walipata hifadhi katika Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa hapa mwaka 1868. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Mwaka uliofuata Kampuni ileile ikatoa sarafu zake. Rupia yake ilikuwa na sura ya Wilhelm II, ambaye cheo chake, Kaiser, ndilo jina la Kaisari katika lugha yao. Kisha mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Mwanzoni wengi waliilipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye ikadaiwa kwa fedha. Asiyekuwa na rupia alilazimika kuifuata katika mashamba ya walowezi. Aliyeishika sarafu aliishika na mikono ya watu.

Kwa hiyo hatuwashangai vijana wetu wanaovutiwa na sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, isiyo na sura ya mtawala wala benki kuu nyuma yake. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizo haziruhusiwi kisheria. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3 zinapohamishwa. Kaisari hachelewi kuja kudai.

Lakini tusidanganyike. Kiti cha Kaisari kikibaki wazi, tamaa hukikalia upesi. Bei hupanda na kushuka, matapeli huahidi faida ya haraka, na mnyonge ndiye huachwa mikono mitupu.

Tuitazame Mombasa. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walikubaliana kupokeana vocha zilizoitwa Bangla-Pesa. Waanzilishi walikamatwa, kisha mashtaka yakafutwa mwaka uleule. Vocha hizo hazikutegemea jeshi wala dhahabu, bali ahadi ya jirani kwa jirani.

Hapo ndipo ulipo uhuru tunaoutafuta, nao tunaujua tayari katika vikoba na jumuiya zetu ndogondogo. Sarafu hubeba sura ya aliyeitoa. Jirani yetu amebeba sura ya Mungu. Tukimdhulumu jirani, hakuna sarafu itakayotuweka huru.