Ngao ya uso na usiku ule wa Lacor

Ijumaa, Desemba 5, 2025, ilitimia miaka 25 tangu Dokta Matthew Lukwiya afariki dunia katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa na umri wa miaka 43, baba wa watoto watano na mganga mkuu wa hospitali hiyo. Aliuawa na Ebola. Kwa kadiri wenzake walivyoweza kubaini, virusi vilimwingia kupitia sehemu ya mwili ambayo hakuifunika alfajiri moja ya Novemba: macho.

Kumbukumbu hiyo inanirudisha kwenye kifaa ambacho wengi wetu tulikijua mwaka 2020, kikauzwa hadi kando ya barabara, kisha tukakisahau. Ngao ya uso haina makuu. Ni karatasi ya plastiki angavu inayoshuka kutoka kwenye paji la uso hadi chini ya kidevu na kuzunguka mpaka karibu na masikio. Juu ina kipande cha sponji kinachoizuia isigusane na pua, na nyuma ya kichwa hukazwa kwa mpira. Huvaliwa pamoja na barakoa. Kazi yake ni kupokea kile ambacho kingemrukia mhudumu usoni: damu, matapishi, makohozi.

Inafanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao la mashine inayokohoa na nyingine inayopumua. Mashine hizo ziliwekwa umbali wa sentimita 46, na ngao ikapunguza kwa asilimia 96 matone makubwa ambayo mhudumu angeyavuta mara tu baada ya kikohozi. Kwa chembe ndogo zinazobaki zikielea hewani kinga ilishuka sana, ikawa asilimia 23 tu katika nusu saa iliyofuata. Kwa hiyo barakoa ina kazi yake na ngao ina yake, na hakuna inayoshika nafasi ya mwenzake.

Wazo la kufunika uso ni la zamani. Karne ya 17 madaktari wa tauni huko Ulaya walivaa domo kama la ndege lenye vioo viwili vya macho. Mwaka 1911, tauni ya mapafu ilipokuwa ikiteketeza watu wapatao 60,000 Manchuria, Dokta Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliwavisha wahudumu barakoa za chachi na pamba. Mfaransa Gérald Mesny alimdharau, akaingia wodini bila barakoa, na baada ya siku chache akafa. Tangu hapo barakoa ilipata heshima yake duniani. Macho yakabaki wazi.

Ukimwi ndio uliobadilisha fikra. Mwaka 1987 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitaka damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa na uwezekano wa maambukizi, na mwaka 1991 sheria ya kazi ya nchi hiyo ikamlazimisha mwajiri kumpa mhudumu miwani ya kujikinga au ngao inayofika kidevuni, pale ambapo damu inaweza kuruka. Lacor walikuwa wanaijua habari hiyo kwa uchungu wao wenyewe. Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada aliyefika hapo mwaka 1961 pamoja na Mtaliano Piero Corti, aliambukizwa VVU akiwapasua majeruhi wa vita. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1996.

Mtu waliyekuwa wamemwandaa kuiongoza hospitali ni huyu Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum. Alisomea udaktari Makerere, kisha akaenda Liverpool kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Alifaulu kiasi cha kuombwa abaki kufundisha. Akarudi Lacor, katikati ya vita. Mwaka 1989 waasi wa Joseph Kony walivamia hospitali usiku wakitaka kuondoka na watawa. Lukwiya aliwaambia wamchukue yeye. Alitembezwa porini kwa wiki nzima akiwa na koti lake la kidaktari, kisha akaachiwa.

Kisa cha mwaka 2000 kimesimuliwa kwa kina na mwandishi Blaine Harden katika makala ndefu iliyotoka kwenye jarida la New York Times mwezi Februari 2001, na hospitali yenyewe imekihifadhi katika kumbukumbu zake. Ninategemea hayo mawili hapa. Lukwiya alikuwa Kampala akisomea shahada nyingine, ya afya ya jamii, alipopigiwa simu Oktoba 7. Wanafunzi wa uuguzi Lacor walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alifika, akapitia majalada ya wagonjwa, akakesha akisoma mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, na CDC walikuwa wameziandikia hospitali za Afrika mwaka 1998, baada ya Ebola ya Kikwit, Kongo, ambako wahudumu wa afya wapatao 80 waliambukizwa. Hakusubiri barua zipite ngazi zote za wilaya. Aliwapigia wizarani moja kwa moja, na kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha lolote, alikuwa tayari ametenga wodi, amepata wauguzi wa kujitolea na kuwafundisha namna ya kuvaa na kuvua.

Kuvaa kulikuwa ibada. Suruali na blauzi za upasuaji, gauni, aproni ya plastiki, buti, kofia, barakoa, glovu mbili kwa kila mkono, halafu miwani au ngao. Kuvua kulikuwa na hatari zaidi, kwa kuwa kila kitu cha nje kilikuwa kimegusa ugonjwa, na kila hatua ilipitia kwenye maji ya klorini. Anayejua joto la Gulu anaweza kukisia hali ya mtu aliyevaa hivyo kwa saa nzima: jasho linaingia machoni nawe huruhusiwi kujipangusa, miwani inajaa ukungu, sindano unaipapasa.

Alfajiri ya Novemba 20 Lukwiya aliamshwa. Muuguzi mmoja wa kiume, mfanyakazi wa Lacor aliyekuwa amelazwa katika wodi hiyo hiyo aliyokuwa akihudumu, alikuwa amechanganyikiwa kwa homa. Alinyanyuka kitandani akitokwa damu na kukohoa, akaanza kutembea, na wauguzi wa zamu waliingiwa na hofu. Lukwiya alivaa haraka: barakoa, kofia, gauni, glovu mbili. Hakuvaa miwani wala ngao. Alimshika kijana wake, akamrudisha kitandani, akasaidia kumsafisha. Kijana alikufa muda mfupi baadaye.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara nafikia kauli moja: sina neno la kumlaumu. Mtu anayeamshwa usingizini kwa ajili ya mwenzake anayevuja damu hahesabu vipande vya mavazi kwa vidole. Ndiyo sababu vifaa hivi vinapaswa kuning'inia mlangoni, mahali ambapo mkono unavikuta kabla akili haijaamka.

Wiki hiyo hiyo yalizuka mabishano ambayo Lacor hawajayasahau. Wahudumu watatu walikuwa wamekufa ndani ya saa 24, na subira ya waliobaki ikaisha. Wafanyakazi wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi wakitaka hospitali ifungwe. Walikuwa na haki ya kuuliza. Walikuwa wamefundishwa kuvaa, walikuwa wanavaa, na bado walikuwa wanazikana. Baadhi ya waliokufa hawakuwa hata wakifanya kazi katika wodi ya Ebola. Waliambukizwa katika wodi za kawaida, ambako hakuna aliyekuwa amevaa chochote usoni kwa sababu hakuna aliyekuwa akishuku.

Lukwiya alisimama mbele yao. Aliwaambia kwamba hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Akawakumbusha usiku ule wa waasi, alipojitoa ili wengine wapone. Mazungumzo yalichukua saa kadhaa, hasira ikapanda na kushuka, na mwisho wake inasimuliwa kwamba wauguzi waliimba. Walirudi wodini. Ukiuliza ni nini kilichoizuia Ebola ya Gulu isienee zaidi, jibu la kitabu litataja ufuatiliaji wa waliogusana na wagonjwa na mazishi salama. Mimi naweka uamuzi wa ukumbi ule mbele ya yote hayo, kwa kuwa bila wauguzi kusingekuwa na wodi ya kutenga mtu yeyote.

Siku chache baadaye Lukwiya mwenyewe alipanda homa. Mke wake, Margaret, alitoka Kampala na kuruhusiwa kumwona akiwa amevaa mavazi yote ya kujikinga, bila kumgusa kama mke anavyomgusa mumewe. Lukwiya alifariki usiku wa kuamkia Desemba 5, akazikwa siku hiyo hiyo ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille. Mlipuko huo ulikumba watu 425 na kuua 224. Februari 27, 2001, Uganda ilitangazwa kuwa salama.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo suala la macho lingekuwa limekwisha. Halikwisha. Ebola ilipozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, wataalamu walikuwa bado wanabishana: miwani au ngao? Wa miwani walisema inabana pande zote na haiachi mwanya. Wa ngao walisema miwani inajaa ukungu, mhudumu anaishia kuisogeza kwa glovu chafu, na mgonjwa aliye peke yake kitandani anahitaji kuona uso wa mtu. Mwezi Oktoba mwaka huo WHO ilitoa mwongozo mpya na kuamua kwamba chochote kati ya hivyo viwili kinafaa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kukipa kimoja ushindi. Hoja ya uso wa mtu ndiyo inayonigusa zaidi. Katika wodi hizo wahudumu waliandika majina yao kwa kalamu ya wino mzito juu ya aproni, ili mgonjwa ajue anazungumza na nani.

Hoja hiyo ilifika Kivu Kaskazini, Kongo. Katika mlipuko wa Beni na Butembo uliotangazwa Agosti 2018, shirika la ALIMA lilitumia chumba cha plastiki angavu kiitwacho CUBE. Mgonjwa analala ndani, na muuguzi aliye nje anaingiza mikono kwenye mikono ya plastiki iliyoshonewa ukutani na kumhudumia bila kuvaa yale mavazi yote. Jamaa wanasimama pembeni na kuzungumza na mtu wao wakimwona. Ni kama ngao ya uso iliyokuzwa ikawa chumba, na kwa watu waliokuwa wakiamini kwamba ndugu zao wanapelekwa kuuawa mafichoni, kumwona mgonjwa kwa macho kulikuwa na uzito wake.

Mwaka 2020, wa korona, kila mtu anaukumbuka. Viwanda vya China vilizidiwa, bei zikapaa, na huko Prague mbunifu Josef Průša akachora ngao inayoweza kutengenezwa kwa printa ya kuchapa vitu vya plastiki, akaiweka mtandaoni bure. Vijana wenye karakana ndogo Nairobi na Dar es Salaam nao waliwasha printa zao. Asiye na printa alinunua plastiki ya kujalidi ripoti kwenye duka la vifaa vya ofisi, sponji na mpira wa kushonea, akakata, akabandika. Nyingine zilikuwa dhaifu, na plastiki ikaota utando mweupe baada ya kuloweshwa klorini mara chache, lakini zilivaliwa zamu za usiku wakati ambapo hapakuwa na nyingine. Mafundi wale hawakupewa sifa wanayostahili, na karakana zao nyingi ziliachwa zirudie kazi ndogondogo, bila oda yoyote ya serikali ya kuzifanya ziendelee.

Kisha tukasahau. Septemba 2022 virusi vile vile vya aina ya Sudan vilivyomuua Lukwiya viliibuka Mubende. Wahudumu 19 waliambukizwa na saba wakafa, akiwamo daktari kijana Mtanzania aliyekuwa Uganda akisomea upasuaji. Januari 2025 vilirudi tena, na wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago, Kampala. Septemba 2025, Kongo ilipotangaza Ebola mkoani Kasai, wahudumu wanne walikuwa tayari wamo katika orodha ya waliofariki. Katika visa vyote vitatu ugonjwa ulikuwa umeshafika kitandani kabla jina lake halijatamkwa redioni.

Aina hiyo ya Sudan bado haina chanjo yenye kibali. Siku nne tu baada ya tangazo la Januari, Uganda ilianza jaribio la chanjo lililopewa jina la Kiswahili, Tokomeza, na ninaliombea lifaulu. Hata likifaulu, chanjo haitamsubiri mgonjwa asiyejulikana anachougua saa nane za usiku. Anayempokea ni muuguzi wa zamu, na mara nyingi ana glovu, ana barakoa akibahatika, na ngao ziko stoo, zimefungwa kwenye katoni za msaada zikisubiri mlipuko mwingine utangazwe. Waganga wakuu wa wilaya na kaunti wanaokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao waziingize kama wanavyoingiza glovu: ngao za kutumia kila siku, mapokezi, chumba cha dharura, na hasa wodi ya wazazi, ambako wakunga hurukiwa na damu na maji ya uzazi kila siku ya Mungu, Ebola iwepo isiwepo.